Mastaa wa Celtic, kuanzia Bruda Walfrid mpaka Wanyama: maswali mnayoniuliza kila siku

Nina jezi moja ya Celtic, timu ya Glasgow kule Scotland, ya mistari ya kijani na nyeupe, imeshachakaa lakini siiachi, na kila nikitoka nayo lazima mtu aniulize kitu. Wengine wanadhani ni Sporting ya Ureno. Kuna dogo mmoja aliniuliza kama ni ya Yanga iliyopauka. Sasa nimechoka kujibu mmojammoja, nimeyakusanya maswali yote hapa, ukiniuliza tena nakuelekeza huku. Hapa naongelea wachezaji zaidi, habari za makombe na misimamo ya ligi utazikuta kwingine.

Inatamkwa Seltik au Keltik?

Seltik. Wale watu wa kale wa Ulaya wa kwenye vitabu vya historia ndo Keltik, timu ni Seltik. Ukikosea pale Glasgow watakuelewa ila watajua we mgeni.

Ilianzaje, na kwa nini watu wanasema ni timu ya Wairishi?

Kwa sababu ni kweli, kwa asili. Miaka ya 1840 viazi vilioza Ireland, watu wakafa njaa kwa mamia ya maelfu, waliopona wengi wakakimbia, na Glasgow ilikuwa karibu na ina viwanda. Wakaishia kujazana upande wa mashariki wa mji kwenye umaskini wa kutisha. Tarehe 6 Novemba 1887 kwenye ukumbi wa kanisa la St Mary's, mtaa wa Calton, bruda mmoja wa shirika la Kikatoliki la Marist anaitwa Walfrid (jina la nyumbani Andrew Kerins, mtu wa Sligo) akakaa na wenzake wakaanzisha timu ili viingilio vilishe watoto wa mtaa. Yaani lengo la kwanza kabisa lilikuwa sahani ya chakula, siyo kombe.

Mechi ya kwanza 28 Mei 1888, wakaifunga Rangers, ambao leo ndo mahasimu wao wa hapohapo Glasgow, 5-2, bao la kwanza kabisa la klabu akafunga Neil McCallum. Mashabiki wa Rangers watakwambia siku ile waliwapeleka wachezaji wa akiba wengi, na wana pointi, lakini 5-2 ni 5-2. Uwanjani siku hiyo alikuwepo kijana anaitwa Willie Maley. Huyo baadaye akawa meneja kuanzia 1897 mpaka 1940, miaka 43, mataji 16 ya ligi. Sisi huku kocha akimaliza msimu tunamfanyia sherehe.

Mfungaji bora wa muda wote ni nani? Henrik Larsson, yule Mswidi?

Hapana, na hili swali ndo linaniuma kuliko yote, maana jina lenyewe watu wengi hawajawahi hata kulisikia. Jimmy McGrory. Mtoto wa Garngad, mtaa wa watu wa hali ya chini Glasgow, alizaliwa 1904, mfupi wa futi 5 na inchi 6 hivi, kifua kama pipa. Kwenye maisha yake yote ya mpira alifunga mabao 550, na zaidi ya 460 kati ya hayo ni ya mashindano akiwa na Celtic. Msimu wa 1935/36 peke yake alifunga 50 kwenye ligi. Na tarehe 14 Januari 1928 waliicheza Dunfermline, matokeo 9-0, McGrory akafunga manane. Manane, mtu mmoja, mechi moja.

Sifa yake kubwa ilikuwa kichwa. Anajirusha mzimamzima kama samaki, ndo maana wakamwita torpido (kombora la majini) la binadamu, na kumbuka mpira wa zamani ulikuwa wa ngozi unanyonya maji, siku ya mvua unakuwa kama tofali.

Sasa sikia hii. Mwaka huohuo wa 1928 Arsenal ya Herbert Chapman ikamtaka kwa pauni 10,000, hela ya kutisha enzi hizo. Celtic wenyewe walitaka kumuuza kwa sababu walikuwa wanahitaji pesa. McGrory na Maley walikuwa safarini kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa, treni ikifika London wakamkuta Chapman anawasubiri, akambembeleza jamaa akagoma, wakaenda wakasali wee, wakarudi, London tena Chapman yuleyule yupo kasimama. Akagoma tena. Alitaka kuchezea Celtic tu, basi.

Zawadi yake? Miaka mingi baadaye akaja kugundua kwamba wenzake walikuwa wanalipwa pauni 9 kwa wiki na yeye 8. Walimkata pauni moja kimyakimya, mfungaji wao bora. Halafu huyohuyo akaja kuwa meneja wao kuanzia 1945 mpaka 1965, na ndiye aliyekuwa meneja siku Rangers walipopigwa 7-1 fainali ya Kombe la Ligi, Oktoba 1957.

Nikisema Celtic haijawahi kujengwa na hela naanzia hapa kwa McGrory, na utaona mbele huko mambo ni yaleyale tu.

Ni kweli kuna mchezaji wao alifia uwanjani?

Alifariki hospitali usiku wa siku hiyohiyo, ila ndiyo, aliumia uwanjani. Kipa John Thomson. Kijana wa Cardenden, Fife, sehemu ya migodi ya makaa ya mawe, alishuka mgodini akiwa mdogo, Celtic wakamchukua kwa pauni 10 tu. Hakuwa na mwili mkubwa lakini alikuwa anaruka na kujitupa miguuni mwa washambuliaji bila woga, na ndicho kilichomuua.

5 Septemba 1931, Ibrox, uwanja wa Rangers, mechi na Rangers wenyewe, 0-0 kipindi cha pili. Straika wa Rangers Sam English kapenya, Thomson kajitupa kuuwahi mpira, kichwa chake kikakutana na goti la English. Fuvu likavunjika. Alikuwa na miaka 22. Mashabiki wa nyuma ya goli wasiojua kilichotokea walianza kushangilia, nahodha wa Rangers Davie Meiklejohn akaenda kuwanyamazisha kwa mikono. Ilikuwa ajali, wote walikubali hivyo mpaka familia ya Thomson, lakini yule English maskini hakuachwa na watu, alizomewa kila alikokwenda mpaka mpira ukamtoka moyoni.

Mazikoni Cardenden walifika kama watu 30,000 kwenye kijiji kidogo vile. Wengine walikuwa hawana nauli, viwanda vimefungwa, hawana kazi, wakatembea kwa miguu kutoka Glasgow, kilomita kama 90, wakilala njiani. Na Thomson alikuwa Mprotestanti, ujue. Wale wanaokwambia Celtic ni ya Wakatoliki tu waambie hivyo.

Patsy Gallacher ndo nani? Nimeona watu wanasema alipiga sarakasi na mpira

Alipiga kweli. Gallacher alizaliwa Donegal, Ireland, akakulia Scotland, kachezaji kadogo kembamba, alichezea Celtic kuanzia 1911 mpaka 1926. Fainali ya Kombe la Scotland 1925 na Dundee, Celtic nyuma 1-0. Akaanza kuwapita mabeki mmoja baada ya mwingine, wanamkwatua anainuka, wanamkwatua anainuka, mwisho wakamwangusha kabisa karibu na mstari wa goli. Mpira akaubana katikati ya miguu, akapinduka kichwachini-miguujuu na mpira wake mpaka ndani ya nyavu, ikabidi watu waende kumnasua. Halafu McGrory akafunga la ushindi, 2-1.

Video hamna, usinitafutie. Tunaamini wazee walioona.

Na kabla yao?

Jimmy Quinn, kutoka kijiji cha Croy, mtu wa migodini. Fainali ya Kombe la Scotland 1904, Rangers wanaongoza 2-0, Quinn akafunga matatu peke yake, 3-2. Ilikuwa mara ya kwanza Celtic kuvaa jezi ya mistari ya kulala kwenye fainali ile, maana mistari hiyo ilianza 1903, kabla ya hapo walikuwa wanavaa mistari ya kusimama.

Simba wa Lisbon ni kina nani?

Kaa vizuri.

25 Mei 1967, uwanja wa taifa wa Ureno pale Lisbon, fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Upande mmoja Inter Milan ya Helenio Herrera, wameshabeba kombe hilo 1964 na 1965, wafalme wa kupaki basi kabla hata neno lenyewe halijazaliwa. Upande wa pili Celtic: Simpson, Craig, Gemmell, Murdoch, McNeill, Clark, Johnstone, Wallace, Chalmers, Auld, Lennox. Wote kumi na moja walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka Celtic Park, ni kama kilomita 48. Aliyetoka mbali kuliko wote ni Bobby Lennox, wa Saltcoats, pwani. Fikiria uchukue wachezaji kutoka Dar mpaka Kibaha na Bagamoyo tu, unakwenda kubeba Ulaya.

Na tukirudi kwenye hela: mchezaji wa bei kubwa pale ni Willie Wallace, alinunuliwa Hearts Desemba 1966 kwa kama pauni 30,000. Kipa Ronnie Simpson alikuwa na miaka 36, klabu nyingine walishamwona mzee wa kustaafu.

Wakiwa kwenye korido ya kutokea uwanjani wanawaangalia Wataliano wamepakaa mafuta, wamenyooka, wamekaushwa na jua kama waigizaji wa sinema, na wao wekundu wa Glasgow, wengine meno hawana. Hili la meno siyo utani. Wachezaji kadhaa walikuwa na meno ya bandia, wakayavua wakampa Simpson, akayaweka kwenye kofia yake ndani ya goli, ili wakishinda wayavae haraka kwa ajili ya picha. Basi pale koridoni Bertie Auld akaanzisha wimbo wa klabu, wote wakaitikia kwa sauti ya juu, Wataliano wakabaki wanawakodolea macho.

Dakika ya 7 penalti, Mazzola kafunga, 1-0. Na Inter wakifunga bao moja enzi hizo unaweza kwenda nyumbani, wanafunga mlango na komeo. Ila Celtic wakashambulia, wakagonga mwamba mara mbili, kipa Sarti akadaka mpaka basi, dakika ya 63 beki wa kushoto Tommy Gemmell akapiga shuti la mbali ambalo mpaka leo ukiangalia kwenye simu unasogeza kichwa nyuma. Dakika ya 84 Murdoch kapiga, Chalmers kaugusa kidogo tu ukabadilisha njia, 2-1. Timu ya kwanza ya Uingereza nzima kubeba kombe hilo. Msimu huo walibeba kila kitu walichoshiriki, matano: ligi, Kombe la Scotland, Kombe la Ligi, Kombe la Glasgow na Ulaya.

Kocha alikuwa Jock Stein, naye alikuwa mchimba makaa kabla ya mpira, na aliwahi kuwa nahodha wa Celtic hiyohiyo.

Kwa nini Billy McNeill anaitwa Cesar wakati siyo Mrumi?

Ni Cesar wa Cesar Romero, mwigizaji wa sinema, wenzake walimpachika. Lakini jina likamkaa kama mfalme kweli. Nahodha wa 1967, mechi 790 za klabu, na katika hizo zote hakuwahi kutolewa nje kubadilishwa hata mara moja. Siku ile ya Lisbon mashabiki walivamia uwanja, timu ikashindwa kupanda pamoja, kwa hiyo alipanda bila wachezaji wenzake kuchukua kombe, na ile picha yake amelinyanyua juu kwenye jua ndo sanamu yake iliyosimama nje ya Celtic Park. Alifariki Aprili 2019.

Bora kuliko wote ni nani, Johnstone au Larsson?

Mashabiki wenyewe walipiga kura 2002, Larsson akiwa bado yupo kikosini anafunga kila wiki, na bado wakamchagua Jimmy Johnstone. Hiyo inatosha kwangu ila najua mtabisha.

Jinky, ndo jina la utani la Johnstone, alikuwa winga wa kulia, mfupi, nywele nyekundu, mtoto wa Viewpark, alianza kama kijana wa kuokota mipira Celtic Park. Alikuwa anachezea mpira karibu na mguu mpaka beki anachoka kungojea. Mwaka 1967 alishika nafasi ya tatu kwenye Ballon d'Or. Wiki mbili baada ya Lisbon walialikwa Bernabéu kwenye mechi ya kumuaga Di Stéfano, Celtic wakashinda 1-0 bao la Lennox, na Jinky akawazungusha Real Madrid mpaka mashabiki wa Madrid wenyewe wakawa wanapiga kelele za olé kila akigusa mpira.

Ila hadithi yangu ni ya Novemba 1968. Jinky alikuwa na woga wa ndege, woga wa kweli wa kutoka jasho. Celtic wakapangwa na Red Star Belgrade, mechi ya kwanza nyumbani, mpaka mapumziko 1-1. Stein akamwita pembeni akamwambia tukishinda kwa tofauti ya mabao manne, wewe Belgrade huendi. Aisee. Kipindi cha pili jamaa akaingia kama ana jini, akafunga mawili, akatengeneza mengine, mpira ukaisha 5-1, na yeye anakimbia uwanjani anapiga kelele kwamba haendi, haendi. Na kweli hakwenda. Marudiano yalikuwa droo 1-1 yeye yuko nyumbani kapumzika.

Alifariki Machi 2006 kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoua misuli taratibu. Mtu ambaye miguu ndo ilikuwa akili yake, afe kwa ugonjwa huo. Inauma.

Kenny Dalglish si wa Liverpool?

Ni wa kwetu kwanza. Alikua akiwa shabiki wa Rangers tena, na siku Sean Fallon wa Celtic alipokwenda kwao kumsajili inasemekana dogo alikimbilia chumbani kubandua picha za Rangers ukutani. Alifunga mabao 167, kisha Agosti 1977 Liverpool wakamchukua kwa pauni 440,000, rekodi ya Uingereza wakati huo. Wazee wa Glasgow mpaka leo wanaona waliuzwa wao.

Danny McGrain naye, beki, kipindi hichohicho, alivunjika fuvu 1972, akagundulika ana kisukari 1974 akitoka Kombe la Dunia, akaendelea kucheza mpaka miaka ya 80 na wengi wanamhesabu beki bora kuwahi kutokea Scotland. Naye Rangers walimwona mapema wakampotezea, maana enzi hizo walikuwa hawasajili Wakatoliki, na inasemekana kwa kusoma jina lake tu wakadhani ni Mkatoliki. Hakuwa.

Larsson alikuja kwa shilingi ngapi?

Pauni 650,000, Julai 1997, kutoka Feyenoord. Ili uelewe, miaka mitatu baadaye Rangers walimnunua Tore André Flo kwa pauni milioni 12. Tunaendelea.

Mechi yake ya kwanza ugenini kwa Hibernian aliingia akitokea benchi, akapiga pasi moja mbovu, ikamfikia Chic Charnley wa Hibs, akaachia shuti, goli, wakafungwa 2-1. Watu walisema huyu mwenye rasta kichwani tumepigwa. Huyo rasta akaja kufunga mabao 242 kwenye mechi 315.

Msimu huohuo wa kwanza ndo Celtic walipozuia Rangers kuchukua ubingwa wa kumi mfululizo. Siku ya mwisho, 9 Mei 1998, na St Johnstone, Larsson kafunga la kwanza, Harald Brattbakk la pili, mtaa mzima ukalia. Oktoba 1999 akavunjika mguu kule Lyon, vunjika ya kutisha, mguu unaning'inia, wengi tukajua basi. Akarudi, na msimu wa 2000/01 chini ya Martin O'Neill akafunga 53, kati yake 35 za ligi, kiatu cha dhahabu cha Ulaya, na klabu ikabeba makombe yote matatu ya ndani.

Halafu mji wa Sevilla, Hispania, 21 Mei 2003, fainali ya Kombe la UEFA. Inakadiriwa mashabiki 80,000 wa Celtic walikwenda, wengi bila tiketi. Porto ya Mourinho ikaongoza mara mbili, Larsson akasawazisha mara mbili, yote kwa kichwa, ila muda wa nyongeza Derlei akamaliza, 3-2. Ukitaka kumkasirisha shabiki wa Celtic mwambie Porto walikuwa hawapotezi muda siku ile.

Mechi yake ya mwisho ya mashindano ilikuwa fainali ya Kombe la Scotland 2004 na Dunfermline, akafunga mawili, wakashinda 3-1, akaenda Barcelona, na 2006 akatokea benchi kwenye fainali ya Ulaya akatoa pasi mbili za mabao. Arsenal wanamkumbuka.

Na Lubo?

Lubomír Moravčík, Mslovakia, 1998, pauni 300,000, tayari ana miaka 33. Magazeti yalicheka. Wiki chache baadaye akafunga mawili Rangers wakipigwa 5-1. Miguu yote miwili, mpaka leo haijulikani upi ndo wa asili.

Haya, Wanyama sasa

Nilijua, ndo mliokuja kusoma nyie.

Victor Mugubi Wanyama, kazaliwa Nairobi 1991, familia ya mpira: baba yake Noah alichezea AFC Leopards, kaka yake McDonald Mariga alikuwemo kikosi cha Inter kilichobeba Ulaya 2010. Akiwa kijana alipitia Helsingborg kule Sweden, mji wa Larsson huohuo, kisha Ubelgiji kwa Beerschot, na Julai 2011 Celtic wakamchukua kwa bei ya kama pauni laki 9. Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Scotland. Akavaa jezi namba 67, kwa heshima ya wale wa Lisbon, na kwa hilo tu mashabiki walishamkubali kabla hajagusa mpira.

7 Novemba 2012. Siku moja kabla klabu ilitimiza miaka 125. Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta inakuja Celtic Park, huku kwetu ni saa tano kasorobo usiku. Mimi niko kibanda umiza, na mwenye kibanda kaweka skrini kubwa mechi ya Man United na Braga, maana ndo wateja wake, Celtic kaiweka kwenye TV ya chogo pembeni karibu na friji la soda, sauti kaizima. Tuliokaa upande ule tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa kasinzia.

Dakika ya 21 kona, Mulgrew kapiga, kuna mtu mweusi mrefu kapanda juu ya kila mtu, bao. Nikaruka nikamwaga kahawa ya mwenzangu. Watu wa skrini kubwa wakageuka, nani huyo, nikawaambia Mkenya, wakasema acha uongo. Sasa kipindi cha pili kule Braga taa za uwanja zikazimika! Skrini kubwa giza tupu, mechi imesimama, na kibanda kizima kikahamia kwenye TV ya chogo, watu wameegemea friji, wengine wamepanda mabenchi. Barca wana mpira zaidi ya asilimia 80, Fraser Forster anadaka kila kitu. Taa za Braga ziliwaka, wengine wakarudi zao, wengi wakabaki. Dakika ya 83 dogo wa miaka 18 Tony Watt akakimbia peke yake, 2-0, na pale kibandani walikuwa wanashangilia watu ambao saa moja kabla hawakujua Celtic ni nchi au sabuni. Messi akapata moja mwishoni, 2-1, basi. Kamera ikamwonyesha Rod Stewart, yule mwanamuziki, analia kama mtoto.

Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa. Julai 2013 Southampton wakalipa pauni milioni 12.5, rekodi kwa mchezaji kuuzwa kutoka klabu ya Scotland wakati ule. Kutoka laki 9. Van Dijk alifuata njia hiyohiyo, alikuja 2013 kwa pauni milioni 2.6 kutoka Groningen na 2015 akaenda Southampton hukohuko kwa takriban milioni 13, yaliyofuata mnayajua.

Wanyama ndo mweusi wa kwanza Celtic?

Wapi. Gil Heron, Mjamaika, 1951. Celtic walimwona wakiwa ziarani Amerika Kaskazini, mechi ya kwanza na Morton Agosti 1951 akafunga, lakini alicheza tano tu. Mwanae ndo Gil Scott-Heron, yule mshairi na mwanamuziki wa Marekani.

Na kabla yake, 1936, alikuja Mohammed Salim, Mhindi wa Kolkata. Huyu alikuwa hachezi na viatu. Kaka yake aliyekuwa Scotland alimpeleka kwa Willie Maley, wakamfunga bandeji miguuni, akacheza mechi mbili za kikosi cha akiba, watu wakajaa kumwona mtu wa peku anawachezea Waskoti wenye njumu. Celtic walitaka abaki. Akakumbuka nyumbani, akapanda meli akarudi.

Kuna waliohama kutoka Celtic kwenda Rangers?

Wapo wachache, na ni kama kutoka Simba kwenda Yanga ila uongezee dini na historia ya Ireland juu yake. Alfie Conn alivaa zote mbili miaka ya 70, Rangers kwanza, akapitia Tottenham, kisha Celtic. Kenny Miller naye kavaa zote. Lakini wa kuongelewa ni Mo Johnston. Mei 1989 alitambulishwa Celtic, kavaa jezi, kapiga picha, karudi nyumbani kutoka Nantes. Julai akasaini Rangers! Mkatoliki, tena aliyekuwa straika wa Celtic, anakwenda Ibrox enzi zile. Pande zote mbili walichukia, wapo mashabiki wa Rangers waliochoma skafu zao. Jina lake bado halitajwi kwenye baadhi ya meza.

Scott Brown mbona hujamtaja?

Nimemtaja sasa. Alitoka Hibs 2007 kwa pauni milioni 4.4, nahodha kwa zaidi ya miaka kumi, makombe 22, kaondoka 2021. Mchezaji ambaye ukiwa naye unampenda na ukikutana naye unamtukana. Nakamura nilimwacha kwa makusudi kwa sababu nikianza kuongelea ile frikiki yake ya Novemba 2006 dhidi ya Man United, 1-0, hatutamaliza leo.

Mimi mgeni, nianze kuangalia nini?

Fungua simu tafuta Celtic 6-2 Rangers, 27 Agosti 2000. Usirushe mbele, maana bao la kwanza la Sutton linaingia kabla dakika moja haijaisha. Halafu kipindi cha pili ngoja Larsson apewe mpira katikati ya uwanja, anampita Konterman, anakimbia, kipa Klos anatoka, na wewe unategemea shuti. Anaunyanyua. Taratibu kabisa, kama mtu anarusha funguo kwa jirani. Angalia miguu ya Klos wakati mpira unapita juu yake, anarudi kinyumenyume hatua mbili, anaacha.